Kona za Manyara na Ngorongoro: gari la spoti la zamani na la leo

Gari linapokata kona linashikwa na barabara kwa vipande vinne tu vya mpira, kimoja chini ya kila tairi, na kila kimoja hakizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Injini, chesi, springi na usukani vyote vinafanya kazi kupitia hapo. Mpira ukishika, gari linafuata njia aliyoikusudia dereva. Ukiachia, linaendelea kule lilikokuwa linaelekea, iwe shambani au korongoni. Gari la spoti la miaka ya 1960 na supakari ya leo vinatofautiana kwa mengi, lakini kwenye kona tofauti zote zinarudi palepale: vipande hivyo vinne vinatunzwaje, na dereva anapata habari gani vinapokaribia kuachia.

Kwa Tanzania, barabara inayofaa kuyaeleza hayo ni ile ya Makuyuni hadi Ngorongoro. Inaachana na barabara kuu ya Arusha na Dodoma pale Makuyuni, inakatiza uwanda mpaka Mto wa Mbu, kisha inapanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara kwa kona zinazopokezana kushoto na kulia. Juu iko Karatu, nchi ya udongo mwekundu na mashamba ya ngano, mahindi na kahawa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mbele ya Karatu lami inakomea lango la Lodoare, na kuanzia hapo ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua, hadi kwenye ukingo wa kreta ulio mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Lami hiyo ilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Supakari haionekani huko. Wanaozimudu kona hizo kila siku ni madereva wa malori, mabasi na Land Cruiser za watalii, nao wanazijua kuliko mtu yeyote. Lakini sheria za mpira na mwendo hazibagui gari.

Sheria yenyewe ni fupi. Nguvu inayohitajika kulivuta gari kuelekea ndani ya kona huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, mpira unadaiwa mara nne. Wahandisi huupima mshiko kwa kulinganisha nguvu hiyo ya pembeni na uzito wa gari lenyewe. Gari zuri la spoti la miaka ya 1960, likiwa na matairi ya zama zake, lilistahimili robo tatu ya uzito wake au kuzidi kidogo kabla ya kuserereka. Supakari ya leo inapita uzito wake wote. Tuseme kuna kona ya lami kavu ambayo nusu kipenyo chake ni mita 30. Gari lenye mshiko wa 0.8 litaikata kwa kilomita 55 kwa saa kabla ya kuachia. Lenye mshiko wa 1.1 litafika 65. Kilomita kumi zinaonekana chache, ila kwa magari yenye uzito sawa, lile la pili limebeba nguvu ya mwendo iliyozidi kwa karibu asilimia 40, na yote hiyo lazima mtu aipeleke mahali iwapo mbele kuna lori lililoharibika.

Mshiko huo wa ziada umetoka wapi? Kwa sehemu kubwa umetoka kwenye tairi. Jaguar E-Type ilipotoka mwaka 1961 ilikimbia kwa matairi yenye upana wa sentimita 16 tu. Datsun 240Z, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 1969, ilivaa tairi la milimita 175 kwenye ringi ya inchi 14, na ukuta wa tairi, yaani kimo cha mpira kati ya ringi na lami, ulikuwa sentimita 14 hivi. McLaren 720S ya mwaka 2017 ina matairi ya mbele yenye upana wa milimita 245 na ukuta usiofika sentimita 9. Ya nyuma yana upana wa milimita 305. Mpira wenyewe nao umebadilika. Mchanganyiko wa leo hulainika kwa joto na kunata kwenye vitundu vya lami kwa namna ambayo mpira wa miaka ya 1960 haukuweza.

Ukuta mrefu wa tairi la zamani ulikuwa na tabia yake. Dereva akizungusha usukani, ringi inageuka kwanza, ukuta unajipinda, ndipo mpira unaogusa lami unafuata. Kati ya amri na utekelezaji kuna kuchelewa kidogo. Mwendo ukizidi, tairi huanza kuteleza polepole: kwanza linalia, kisha linakokota pembeni kidogo, kisha zaidi. Matairi ya nyuzi zilizopishana, ambayo bado yalitumika sana wakati E-Type inatoka, yalikuwa na upole huo kuliko mengine. Yale ya radiali, ambayo Michelin ilianza kuyauza miaka ya 1940, yalishika zaidi lakini yaliachia kwa ghafla zaidi. Kila hatua ya mpira kushika kuliko ulivyoshika jana imekuja na punguzo fulani la onyo.

Baada ya tairi ni springi. MGB, gari la spoti la Kiingereza lililouzwa kuanzia 1962, lilikuwa na ekseli moja nzima nyuma iliyokalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, mpango uleule ambao mtu atauona leo akichungulia nyuma ya pikapu nyingi za mizigo zinazopanda Karatu. Ekseli ya namna hiyo haina siri: gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo linainama. Katikati ya kona yenye kiraka cha lami, gari lote linaruka hatua moja kwenda nje. E-Type ilikuwa mbele ya wakati wake kwa kuyapa magurudumu ya nyuma uhuru, kila moja na mkono wake, na 240Z nayo ilifuata njia hiyo. Hata hivyo springi zilikuwa laini, kwa sababu barabara za wakati huo zilikuwa mbovu, na gari laini hulala kwenye kona. Likilala, uzito unahamia magurudumu ya nje. Tairi lililoongezewa mzigo hushika zaidi, lakini haliongezi mshiko kwa kiwango kilekile cha mzigo lilioongezewa. Kwa hiyo kile kinachopotea kwenye tairi la ndani hakirudi chote kwenye la nje. Ndiyo sababu gari la chini na pana hukata kona vizuri kuliko refu lililonyanyuka, na ndiyo sababu Land Cruiser ya watalii yenye paa la kufunguka na mizigo juu haina budi kupunguza mwendo mapema.

Dereva wa gari la zamani aliishi na hali hiyo kwa kuisoma. Achukuliwe mtu anayeshuka kutoka Karatu kuelekea Mto wa Mbu na Porsche 911 ya kwanza, ile ya miaka ya 1960. Injini iko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, na karibu asilimia 60 ya uzito wote iko huko. Anaikaribia kona ya kulia. Anafunga breki mapema, gari likiwa bado limenyooka, kwa kuwa hakuna kompyuta itakayozuia magurudumu yasikwame. Usukani hauna msaada wa haidroli. Pua ni nyepesi, na kila kokoto linamfikia mkononi. Anageuza, na usukani unazidi kuwa mzito kadiri mpira unavyozidi kushika. Kisha, katikati ya kona, anaona nyani wamekaa barabarani, jambo la kawaida pale karibu na msitu wa Manyara. Mguu wake, kwa woga wa kawaida wa binadamu, unaachia mafuta. Papo hapo uzito unakimbilia mbele, hasa kwa kuwa ni mteremko. Matairi ya nyuma yanapungukiwa na mzigo uliokuwa unayakandamiza. Na ule uzito wa injini uliokuwa ukisukumwa nje unapata nafasi ya kuzunguka. Mkia unatoka. Mwenye uzoefu anarudisha mafuta kidogo na kugeuza usukani kufuata mteleko. Asiye na uzoefu anafunga breki, na hapo gari linageuka kutazama lilikotoka. Porsche wenyewe walilijua tatizo: kwa magari ya mwaka 1969 walisogeza magurudumu ya nyuma kurudi nyuma kwa milimita 57 ili kupunguza ukali wa tabia hiyo.

Wengine walitafuta dawa kwa kuiweka injini katikati, nyuma ya kiti na mbele ya ekseli ya nyuma. Lamborghini Miura ya mwaka 1966 ndiyo iliyoifanya njia hiyo kuwa maarufu kwa magari ya barabarani. Gari lenye uzito katikati hugeuka upesi, kama mtu mwenye mzigo uliofungwa kiunoni badala ya kuubeba kwenye ncha za mti begani. Miura lakini ilikuwa na kasoro yake: tangi la mafuta lilikaa mbele, pua ilipunguza uzito kadiri mafuta yalivyokwisha, na kwa mwendo mkubwa hewa iliinyanyua. Ilikuwa gari la kupendeza kuliangalia, na la kuogopesha kidogo kuliendesha.

Supakari ya leo imeyatatua mengi ya hayo kwa chuma, kaboni na umeme. Bodi ya nyuzi za kaboni haipindi, hivyo springi na shokapu zinafanya kazi zilizokusudiwa bila chesi yenyewe kugeuka springi ya tano. Shokapu hubadilisha ugumu wake mara nyingi kwa sekunde. Katika McLaren MP4-12C ya mwaka 2011 shokapu za pande mbili ziliunganishwa kwa haidroli ili gari lisilale, bila ile fito ya chuma inayofunga upande mmoja na mwingine. Fito hiyo huzuia kulala, lakini huambukiza shimo la kushoto kwa gurudumu la kulia. Gari hilohilo liliweza kufunga kidogo breki ya gurudumu la nyuma la ndani ili pua ivutwe kuelekea ndani ya kona. Porsche 911 GT3 ya mwaka 2013 ilianza kugeuza hata magurudumu ya nyuma kwa digrii chache.

Mifumo ya umeme haikuja kwa siku moja. Breki zisizokwama zilifika kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978. Mwaka 1995 kampuni hiyo, ikishirikiana na Bosch, ilileta mfumo unaolinganisha pembe ya usukani na mwelekeo halisi wa gari, kisha kufunga breki ya gurudumu moja pekee pale gari linapokwenda nje ya matakwa ya dereva. Ferrari F430 ya mwaka 2004 ilipewa difu inayoamuliwa na kompyuta, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma kufuatana na kona. Mtu wa nyani wa Manyara akiwa ndani ya gari la leo ataachia mafuta vilevile kwa woga uleule, na hakuna kitakachotokea. Pengine taa ndogo itawaka kwenye dashibodi. Watengenezaji huyatangaza magari haya kwa nguvu za injini, lakini kwa mtu wa kawaida hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na imeshafika hadi kwenye magari madogo yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam.

Kuna pia suala la hewa. Gari la zamani lilichongwa ili lipenye. La leo huchongwa ili pia likandamizwe. McLaren Senna ya mwaka 2018, kwa takwimu za kampuni, hukandamizwa na hewa kwa kilo 800 ikiwa kwenye kilomita 250 kwa saa. Hiyo ni namba ya kujivunia, ila nguvu ya hewa nayo hufuata mraba wa mwendo. Kwenye kona iliyotajwa ya kilomita 65 kwa saa, kilo 800 zinashuka hadi 54 hivi, sawa na kumwongeza abiria mmoja mwembamba asiye na mzigo. Na huko juu kwenye ukingo wa kreta, hewa ina uzani wa takriban asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo hata abiria huyo anapungua. Bawa la gharama kubwa halina la kufanya kwenye kona za milimani. Hewa hiyohiyo nyepesi huinyima pumzi injini ya zamani: 240Z yenye nguvu farasi 150 Tanga itabakiwa na 120 hivi Ngorongoro, tena kabureta zake, zisipopunguzwa mafuta, zitatoa moshi mweusi. Turbo ya leo huifidia sehemu kubwa ya hasara hiyo kwa kusukuma hewa zaidi.

Uzito ni eneo ambalo wazee hawajashindwa. 240Z ilikuwa na kilo 1,040 hivi. McLaren F1 ya miaka ya 1990, ambayo haikuwa na msaada wa umeme wowote kwenye kona, ilikuwa na 1,138. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilifika 1,888. Gari zito linaweza kulazimishwa kukata kona kwa matairi mapana, lakini dereva analisikia: linaanza kugeuka kwa kusita, na likishakosea ni gumu kurudisha. Usukani wa umeme wa siku hizi nao umechuja habari nyingi zilizokuwa zikifika mikononi. Wapenzi wa magari ya zamani wanaposema gari lao "linaongea", hawasemi kwa mapenzi tu. Wanaeleza jambo linalopimika: mteleko unaoanza mapema, kwa mwendo mdogo, na unaokua taratibu. Supakari hushika, hushika, hushika, na ikifikia kikomo chake mwendo tayari ni mkubwa na nafasi ya kusahihisha ni finyu.

Yote hayo ni ya lami. Tatizo la kwanza la supakari kwenye njia hii lingetokea kabla hata ya kona, kwenye matuta ya Mto wa Mbu na Karatu, kwa gari ambalo uvungu wake uko sentimita kumi na kitu tu kutoka ardhini. Lodoare ingemaliza mjadala. Kwenye changarawe iliyolegea mshiko hushuka hadi nusu ya uzito wa gari au chini yake, na kona ileile ya mita 30 haipitiki kwa zaidi ya kilomita 44 hivi kwa saa, haidhuru gari limegharimu shilingi ngapi. Mpira mpana na laini, badala ya kuchimba mpaka kwenye ardhi ngumu, huelea juu ya kokoto.

Zaidi ya hapo, kanuni ya uendeshaji inageuka. Kwenye lami, tairi la kisasa hushika vizuri zaidi likiwa limeteleza digrii chache tu, na kulitupa gari pembeni ni kupoteza muda. Kwenye udongo uliolegea tairi linalokwenda kiubavu hujikusanyia rundo la kokoto mbele yake, na rundo hilo ndilo linalolizuia. Kuserereka kunakuwa njia ya kushika. Kompyuta iliyofundishwa kuzima kila mserereko huvuruga kazi hiyo. Hata breki zisizokwama zinaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililofungwa kabisa lingejijengea kizuizi cha udongo.

Afrika Mashariki iliyajua haya mapema kwa sababu ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakawa yanafanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, Mganda kwa kuzaliwa, ambaye baadaye aliongeza ushindi wa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Gari hilo la spoti lenye ukuta mrefu wa tairi, springi zenye nafasi ya kupanda na kushuka, na mkia uliotoka kwa hiari, lilikuwa na sifa zilezile zinazolichelewesha kwenye lami ya leo. Porsche nao walileta 911 mwaka 1978, wakiwa wameinyanyua hadi uvungu ukafika sentimita 28. Vic Preston Mdogo akashika nafasi ya pili. Uzito wa injini juu ya magurudumu ya nyuma, uliokuwa balaa kwenye mteremko wa lami, uliyakandamiza magurudumu yanayosukuma pale kwenye matope yaliposhindwa mengine. Magurudumu manne yanayosukuma hayakushinda Safari mpaka 1987, Hannu Mikkola alipoendesha Audi 200 quattro.

Watengenezaji wa supakari wamelirudia somo hilo karibuni. Mwaka 2022 Porsche ilitangaza 911 Dakar, na Lamborghini ikatangaza Huracán Sterrato, ambayo imenyanyuliwa kwa milimita 44 kuliko ndugu yake wa lami. Yote mawili husukumwa na magurudumu manne na yamevishwa matairi ya vishikio virefu na ukuta mnene zaidi, na kompyuta zake zimefundishwa kuuachia mkia utoke kwenye udongo kabla ya kuingilia kati. Gharama yake imeandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Huracán ya kawaida hupita kilomita 320 kwa saa. Sterrato imefungwa isizidi 260, na 911 Dakar isizidi 240, kwa sababu tairi linaloweza kuchimba matope haliwezi kuvumilia joto la mwendo unaozidi hapo.